Tripodi ya bei poa isiyotetemeka: zile kilo za kwenye boksi zisikudanganye

Ukianza kutafuta tripodi, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, kitu cha kwanza utakachotajiwa ni kilo. Hii inabeba 3, ile inabeba 8, hii hapa ndo mwamba kabisa inabeba 15, na mtu anachukua ile yenye kilo nyingi kwa hela ndogo akijua kawazidi ujanja wenzake. Sasa shida ni kwamba hiyo namba haina kipimo kimoja ambacho kampuni zote zinakifuata. Mmoja anahesabu mpaka pale miguu inapokaribia kukata tamaa, mwingine anahesabu mpaka kichwa, kile cha juu kinachoshika kamera, kianze kuteleza, na mwingine namba yake huwezi kujua kaitoa wapi. Kwa hiyo kilo 8 za huyu na kilo 8 za yule usiziweke kwenye mzani mmoja kabisa.

Na halafu hebu jiulize, kamera yako ina uzito gani kwani? Bodi ya kawaida, yaani kamera yenyewe, na lenzi yake ndogo inacheza kwenye kilo moja, ukiweka ile lenzi nene ya kuvuta mbali ya milimita 70-200 unafika kilo mbili na kitu. Karibu tripodi yoyote itakubebea hiyo na haitavunjika. Kubeba siyo mtihani, mtihani ni kutulia, na hivyo ni vitu viwili tofauti ambavyo boksi linavichanganya makusudi ili uone umepata.

Tuweke hesabu kidogo hapa maana ndo inafungua kila kitu. Chukua kamera ya megapikseli 24 yenye sensa (kile kinachopokea picha ndani ya kamera) ya saizi ya APS-C, kila pikseli, yaani nukta moja ya picha, mle ndani ina upana wa kama mikroni 4, yaani milimita 0.004. Funga lenzi ndefu ya kuvuta mbali, ya milimita 200. Sasa kamera ikigeuka kidogo mno, tuseme sehemu iliyo sentimita 10 kutoka pale ilipofungwa imehama milimita 0.01, jicho lako haliwezi kuona hicho kitu hata ukodoe vipi, ila picha kwenye sensa inahama milimita 0.02. Hizo ni pikseli 5. Hapo picha imeshasheki tayari na utalaumu lenzi, utalaumu fokasi, utaacha kulaumu tripodi kwa sababu ulikuwa unaiangalia na uliiona imesimama tu. Ukitoa hiyo lenzi ukaweka pana ya milimita 24, mgeuko uleule unahamisha picha milimita 0.0024, hata pikseli moja haifiki. Ndo maana mwenye lenzi pana anakuapia kwamba tripodi yake ya plastiki iko vizuri, na mwenye lenzi ndefu anaitukana tripodi hiyohiyo, na wote wawili wanasema kweli.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla hujaangalia bei ni lenzi yako ndefu kuliko zote ni ya milimita ngapi na unaitumia kwenye tripodi mara nyingi au mara moja moja. Wa mandhari na nyumba na vyumba kwa lenzi pana, bajeti ndogo itamtosha vizuri tu. Wa ndege na mwezi, huyo ajipange.

Haya, kinachofanya tripodi itulie ni nini hasa? Ni ugumu wa miguu yake kugoma kupinda na kugoma kujisokota, na hilo linaanza na unene wa bomba. Mabomba mawili ya chuma kilekile, ukuta wa unene uleule, ugumu wake unapanda kwa kipenyo mara kipenyo mara kipenyo. Yaani mguu wa milimita 28 na mguu wa milimita 22 ukiwashika unaona tofauti ni kitu kidogo, milimita 6 tu, lakini kwenye kupinda ule wa 28 ni mgumu kama mara mbili ya mwenzake. Hii namba ya kipenyo cha mguu ndo ya kutafuta kwenye maelezo ya bidhaa kabla ya ile ya kilo, na kama muuzaji hajaiandika muulize, na kama hajui chukua rula. Mimi chini ya milimita 25 kwenye kipande cha juu sichukui kwa kamera kubwa, kwa simu na kamera ndogo sawa.

Alafu kuna mtego wa vipande. Mguu unaokunjika mdogo unaingia kwenye begi la mgongoni unavutia sana, ila ili ukunjike mdogo lazima uwe na vipande vingi, na kila kipande kinaingia ndani ya mwenzake kwa hiyo kila kimoja ni chembamba zaidi. Mguu unaoanza na milimita 25 kwa kawaida unashuka milimita 3 hivi kila hatua: 25, 22, 19, 16, na ukiwa wa vipande vitano unamalizia na 13. Kumi na tatu! Ndo kinachogusa ardhi hicho, na uzito wote uko juu yake. Ukichukua ya vipande vitatu unamalizia na 19 na una loki 6 tu za kufunga badala ya 12, loki chache maana yake sehemu chache za kulegea na inakuwa bei rahisi pia. Hasara yake ni moja tu, inabaki ndefu ukiikunja. Kama hupandi nayo milima wala huingii nayo kwenye ndege kila wiki hiyo hasara ni ndogo sana na ndo mahali pazuri pa kuokolea hela.

Maana ukicheki vizuri, vitu vitatu unavyovitaka, yaani iwe imara, iwe nyepesi, iwe bei ndogo, haviji pamoja hata siku moja. Cha kuachia ni wepesi. Aluminiamu nene yenye kilo mbili na nusu itakuchosha bega lakini picha zitatoka, ila ya kilo moja ya bei ndogo itakaa begani vizuri na picha zitacheza. Kaboni faiba ni nzuri kweli, nyepesi, mtikisiko unakufa haraka kidogo kuliko kwenye aluminiamu, asubuhi ya baridi haikuunguzi mikono, ila hela unayolipa nyingi ni kwa ajili ya ule wepesi. Kaboni nyembamba ya bei rahisi dhidi ya aluminiamu nene ya bei hiyohiyo, chukua aluminiamu. Na kaboni ikigongwa vibaya inapasuka wakati aluminiamu inabonyea, ingawa na yenyewe ikibonyea pabaya kipande hakiingii tena ndani ya mwenzake, kwa hiyo usiitupe tupe tu.

Plastiki? Inategemea iko wapi. Vishikio vya plastiki havina shida. Angalia bega, yaani pale juu miguu mitatu inapokutana, kama ni plastiki tupu ongeza mashaka, kwa sababu pale ndo nguvu zote zinapita, na plastiki inaanza kucheza kwenye bawaba baada ya muda hata kama siku ya kwanza ilikaza. Zile tripodi zenye vijimkono vya katikati vinavyounganisha miguu na nguzo ya kati, ile fimbo inayopandisha kamera, zinaonekana imara sana kwa macho ila mara nyingi vile vijimkono vipo kufidia bega dhaifu, na vinakunyima kutanua miguu kila mmoja kivyake, ukifika kwenye ngazi au mteremko unabaki unahangaika na mawe.

Loki ziko za aina mbili, za kubonyeza klipu na za kuzungusha. Watu wanabishana kuhusu hizi kama mpira wa miguu na mi sioni sababu. Klipu unaona kwa macho kama imefungwa, na ikilegea unaikaza na kispana kidogo chenye umbo la L. Ya kuzungusha haikwami kwenye nguo wala majani na unaifungua yote kwa mshiko mmoja, ila uzembe ukiacha moja haijakaza mguu unashuka taratibu na kamera inaondoka nao. Chagua unayoipenda mkononi basi.

Nguzo ya kati ndo inayoharibu picha nyingi kuliko kitu kingine chochote kwenye tripodi ya bei rahisi. Ukiipandisha, umechukua miguu mitatu iliyosimama vizuri ukaweka juu yake fimbo moja, na kamera iko kwenye ile fimbo. Zile za kupandishwa kwa mpini wa kuzungusha ndo kabisa, zina nafasi ndani, ukishika kamera unaisikia inacheza kushoto kulia. Kwa hiyo ukiona tangazo linasema urefu sentimita 160, tafuta maneno madogo chini yanayosema urefu bila nguzo ni ngapi, utakuta 130. Hiyo 130 ndo tripodi yako, zile 30 zihesabu kama za dharura.

Urefu wenyewe hata hivyo watu wanaulipia zaidi ya wanavyohitaji. Kama unataka kusimama na kuchungulia kwenye kitundu cha kamera bila kuinama, chukua urefu wa macho yako toa kama sentimita 20 za kichwa na bodi, hapo umepata urefu wa miguu. Lakini kama kamera yako ina skrini inayogeuka, huna haja ya kufika machoni, kifuani panatosha na picha nyingi zinapendeza zaidi ukishuka. Tripodi fupi nene inaishinda ndefu nyembamba kwa bei ileile.

Sasa kichwa. Kwenye tripodi za bei ya chini kabisa kichwa kimeunganishwa moja kwa moja na hakitoki, na hapo ndo ningemwambia mtu asogee kidogo mbele hata kama ni kusubiri mwezi mwingine. Tafuta ambayo kichwa kinafunguka. Skrubu inayoshika kamera ni ya inchi 1/4, ni ileile karibu kwenye kamera zote duniani, na skrubu inayoshika kichwa kwenye miguu kwa kawaida ni ya inchi 3/8. Ukishakuwa na miguu mizuri yenye hiyo 3/8 unaweza kuvumilia kichwa cha ovyo leo, kesho ukakibadilisha peke yake, miguu ikakaa na wewe miaka. Kinyume chake hakiwezekani, kichwa kizuri juu ya miguu inayotetemeka kinatetemeka tu kwa heshima.

Kichwa cha gololi kina skrubu moja kuu, unalegeza kamera inaenda kokote, unakaza inabaki. Ni kidogo, ni chepesi, kinafaa kwa picha. Ubaya wa vile vya bei rahisi ni kwamba ukishakaza na kuachia mkono picha inashuka kidogo, umepanga upeo wa macho hapa, unakuta uko pale, na kwa lenzi ndefu hiyo inakera kufa. Gololi kubwa inashika vizuri kuliko ndogo kwa hiyo kama una machaguo mawili ya bei moja chukua yenye gololi nene. Kichwa chenye mipini mitatu ni kikubwa na kinachelewesha ila kila upande unaupanga kivyake, kwa bidhaa na majengo mi naona kinafaa kuliko gololi na mara nyingi kwa hela ileile kinashika zaidi.

Video ni habari nyingine. Kugeuza kamera taratibu bila kurukaruka kunahitaji kichwa chenye ukinzani laini, na vile vya kweli vina grisi nzito au kimiminika ndani. Vya bei ndogo vinaandikwa vya video lakini ndani ni msuguano mkavu tu, ukianza kusukuma kinagoma alafu kinachomoka. Ukiwa na kichwa cha namna hiyo we weka kamera itulie, mtu ndo atembee mbele yake, video itatoka safi.

Kabla hujafunga mada ya kichwa angalia pleti, kile kibapa kinachobaki chini ya kamera. Kama ni umbo ambalo kampuni moja tu inalitengeneza, siku kikipotea, na vinapotea, tripodi nzima inakuwa pambo. Pleti za mtindo wa Arca-Swiss, zile zenye kingo zilizokatwa mshazari na upana wa kama milimita 38, zinatengenezwa na kampuni kibao na mara nyingi za huyu zinaingia kwa yule. Sijasema zote. Kibano cha kukaza kwa skrubu kinakubali tofauti ndogondogo, kile cha kubana kwa wenzo kinaweza kukataa pleti ya mtu mwingine au kikaishika kwa ulegevu, jaribu kabla ya kuamini.

Kujaribu dukani au kwa mtu anayekuuzia ya mkononi hakuhitaji vifaa. Fungua miguu yote mpaka mwisho, nguzo iache chini, weka kiganja juu ya bega la tripodi ukandamize kwa nguvu kiasi, kusiwe na mguu unaoteleza. Kisha shika kichwa ukisokote kama unafungua chupa, kushoto kulia, hapo ndo udhaifu wa nyingi unapoonekana kwa sababu tripodi nyingi zinavumilia kukandamizwa kuliko kusokotwa. Ukiwa na kamera, ifunge na lenzi yako ndefu, washa skrini, kuza picha mara 10 kwenye kitu cha mbali, gonga mguu mmoja kwa kidole alafu angalia picha inachukua muda gani kutulia. Ikitulia ndani ya sekunde moja hivi hapo una kitu. Ikiendelea kucheza huku muuzaji anakusimulia kilo, mrudishie. Na tripodi ya mkononi usiidharau, kizee cha aluminiamu kilichochubuka rangi lakini loki zinabana na bega halichezi ni dili kuliko mpya ya plastiki inayong'aa. Ila hakikisha pleti ipo.

Ya simu niseme haraka. Simu ni nyepesi na lenzi yake ya kawaida ni pana, kwa hiyo ugumu wa miguu si shida sana, shida ni upepo kuiangusha na kibano cha simu kuwa kibovu. Nunua kibano chenye meno ya mpira na tundu la inchi 1/4, kifunge kwenye tripodi yoyote.

Sasa unayo, namna ya kuitumia ndo inafanya ya bei poa ipige kama ya bei ghali. Anza kufungua vipande vinene vya juu, vile vyembamba vya chini viwe vya mwisho na kama havihitajiki viache ndani. Isipokuwa ukiwa kwenye maji, matope au mchanga, hapo geuza, toa kipande cha chini kabisa kwanza ili loki zikae juu, zisinywe uchafu. Mguu mmoja uelekeze upande lenzi inakoangalia, uzito wa lenzi unakaa juu ya mguu na wewe unapata nafasi ya kusimama kati ya ile miwili. Kwenye mteremko miguu miwili iende chini, mmoja juu. Kama ina pimamaji sawazisha kwa kurefusha na kufupisha miguu kwanza, halafu kichwa kimalizie, hasa ukipiga panorama, ile picha ndefu ya kuunganisha picha kadhaa, maana kichwa kilichonyooshwa juu ya miguu iliyoinama kikigeuka upeo unapanda kama ngazi.

Ile ndoano chini ya nguzo ni ya kuning'iniza begi, uzito ukiongezeka tripodi inatulia na haipinduki kirahisi. Ila begi linalobembea kwenye upepo linaisukuma tripodi badala ya kuisaidia, kwa hiyo liache liguse ardhi kidogo. Ondoa mkanda wa kamera au uufunge, ule ukipigwa na upepo ni tanga kabisa. Kama lenzi ina pete yake ya kufungia tripodi, funga pale na siyo kwenye bodi, uzito unakaa katikati.

Kubonyeza shata, kile kitufe cha kupigia picha, kwa kidole ni kuigonga kamera, tumia rimoti au taima. Sekunde 2 zinatosha kwa miguu migumu na lenzi pana, kwa miguu myembamba na lenzi ndefu weka 10, ipe muda ule mtikisiko wa kidole ufe. Kamera za kioo, yaani DSLR, kile kioo chenyewe cha ndani kikiruka kinatikisa, na kinapoharibu zaidi ni kwenye kasi za shata za katikati, kama sekunde 1/30 mpaka 1/4 hivi. Kwenye 1/500 hakuna muda wa kuonekana, na kwenye sekunde 20 ule mtikisiko wa mwanzo ni sehemu ndogo mno ya picha nzima. Kwa hiyo kama tripodi yako ni dhaifu na picha zinasheki kwenye 1/15, kuna wakati dawa ni kushusha ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, na kwenda sekunde kadhaa, watu hawaamini mpaka wajaribu. Kama kamera ina namna ya kuinua kioo kwanza, itumie. Kizuia mtikisiko cha lenzi kizime ukiwa kwenye tripodi, hasa lenzi za zamani, kinaweza kutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuutengeneza chenyewe. Lenzi nyingi mpya zinajitambua, lakini kukizima hakugharimu kitu. Sakafu ya mbao nayo inatembea ukitembea, simama.

Na tripodi inazuia kamera kusogea, haimzuii mtu. Ukipiga watoto kwa 1/8 juu ya tripodi ukuta utakuwa mkali na watoto watakuwa mvuke, hapo unahitaji taa au kasi.

Ukitoka baharini suuza miguu kwa maji ya kawaida yasiyo na chumvi ikiwa imefunguliwa, iache ikauke ikiwa bado imefunguliwa, ndo uikunje. Loki za kuzungusha ukisikia zinasaga mchanga zifungue kabisa, futa kwa kitambaa, paka grisi kidogo sana kwenye nyuzi za skrubu, na bomba lenyewe usilipake mafuta kwa sababu loki inashika kwa msuguano na wewe umeuondoa. Zile skrubu za bega zinalegea zenyewe kila baada ya muda, mguu ukianza kuanguka wenyewe ukiinua tripodi, kaza kidogo na kile kispana cha L.